SOMO: Intakomu ya waya kwa nyumba ya Mji Mkongwe (tizama mlango na ukuta kwanza, skrini baadaye)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kila baada ya siku mbili mtu anabandika hapa picha ya boksi la intakomu (simu ya mlangoni) aliloliona dukani Darajani na kuuliza "hii nzuri?" Hakuna anayeweza kukujibu bila kuijua nyumba yako. Naandika mara moja, na anayeuliza tena nitamleta hapa.

Somo hili ni la nyumba za zamani za Shangani, Kiponda, Malindi, Hurumzi, Sokomuhogo na mitaa ya jirani: kuta za mawe na chokaa, dari za boriti, ghorofa mbili au tatu, mlango wa nakshi mbele. Mwenye nyumba ya matofali Mbweni au Tomondo anunue anachotaka, hata isiyo na waya itamfaa. Ya kwetu haitaki hiyo. Ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita na zaidi, uliokunywa unyevu na chumvi ya bahari, unaimeza Wi-Fi. Anayekuuzia ya Wi-Fi mwambie aje aiwashe kwako mlango ukiwa umefungwa na ruta ikiwa juu ghorofani, ndipo mzungumze bei.

Hatua ya 1. Kibali. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Kabla ya kutoboa ukuta wa mbele au kugusa mlango, pita Mamlaka ya Mji Mkongwe na mchoro na picha.

Hatua ya 2. Amua unafungua nini.

Watu wanachagua skrini ya inchi saba, halafu kitasa cha umeme wanakikumbuka siku ya mwisho. Anza na kitasa.

Mlango wa nakshi usichimbwe. Ubao wake ni mzito, mfaa (mti wa katikati) umegongomewa kwenye kipande kimoja na kukilalia cha pili, na milango mingi ya zamani haina bawaba: inazunguka juu ya ncha iliyoingia kwenye tundu la kizingiti. Mlango wa namna hiyo una mchezo. Masika ubao unavimba, kaskazi unakauka, na ulimi wa kitasa cha umeme haukubali kupotezewa shabaha hata kwa milimita tano. Utafunga leo, mwezi wa nne utakwama.

Ninavyopendekeza mimi, mlango wa nakshi uachwe na komeo na tumbuu zake, na kitasa cha umeme kifungwe kwenye geti la nondo la ndani, pale daka (ukumbi mdogo wa mlangoni) linapokwisha. Nyumba nyingi tayari zina geti hilo, na mchana mlango mkubwa unakuwa wazi kama desturi. Fremu ya chuma haivimbi. Seremala hagusi kitu, na Mamlaka haina la kukuuliza kuhusu mlango.

Kitasa kiwe cha kubandika juu, cha kupigwa mshituko wa umeme (volti 12), chenye ufunguo nje na kitufe au mpini wa kufungulia kwa mkono ndani. Umeme ukikatika kinabaki kimefungwa, na aliye ndani anatoka bila kusubiri mtu. Cha sumaku kinakula umeme saa 24 na umeme ukienda kinaachia. Kwa nyumba ya kuishi sikipendekezi.

Hatua ya 3. Pima njia ya waya. Pima kwa kamba, kona zote, kutoka mlangoni hadi skrini. Usikisie kwa macho. Nyumba ya ghorofa tatu yenye dari la mita nne inafika mita 25 upesi sana. Ongeza mita tatu kwa maungio.

Hatua ya 4. Waya wa kitasa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hivyo soma taratibu.

Fundi anavuta kebo moja nyembamba kwa kila kitu: sauti, picha na kitasa. Sauti inakuja safi, picha safi, ukibonyeza kitufe cha kufungulia kitasa kinanguruma tu kama nyuki ndani ya kibuyu na mlango haufunguki. Mwenye nyumba anarudisha kitasa dukani kwamba kibovu. Kitasa ni kizima, volti zimeishia njiani.

Hesabu yake hii. Waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.5 una upinzani wa karibu omu 0.09 kwa mita. Njia ya mita 25 ni mita 50 za waya, kwenda na kurudi, yaani omu 4.5. Kitasa cha volti 12 kinachovuta ampea moja kina omu 12 chenyewe. Ukijumlisha, kitasa kinabaki na volti 8.7 tu, na hizo mara nyingi hazitoshi kuivuta spring'i ya kitasa kipya, sembuse kilichoshika kutu ya chumvi. Njia ileile kwa waya wa milimita za mraba 1.5, upinzani wote unakuwa omu 0.6 na kitasa kinapata volti 11.4. Tofauti ya bei ya waya huo ni ndogo kuliko nauli ya fundi kurudi.

Tahadhari tano:

Moja, "0.5" si "0.5". Kwenye waya za simu na kengele ni kipenyo, ambacho ni sawa na milimita za mraba 0.2. Kwenye waya za umeme ni eneo. Waulize dukani ni ipi kati ya hizo mbili.

Mbili, waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Unauzwa kwa wingi na boksi lake linapendeza. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe. Upinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba tupu, na kwa hewa yetu ya chumvi unaoza kwenye maungio na kugeuka unga mweupe.

Tatu, muda wa kufungua. Kitasa cha mshituko kiwekee sekunde moja au mbili. Ukiuacha kwenye sekunde 10 koili (waya uliozungushwa ndani ya kitasa) inaungua. Kitasa cha aina hii kikishapigwa kinabaki kimeachia mpaka mlango usukumwe, kwa hivyo muda mrefu hauongezi kitu.

Nne, waya wa kitasa usipite nyuma ya paneli ya nje. Ukipita hapo, mwizi anafungua skrubu mbili, anagusanisha nyaya mbili, ameingia. Rilei ya kitasa (swichi inayokipelekea umeme) iwe ndani ya nyumba: ama kwenye skrini yenyewe ikiwa inayo, ama kwenye kisanduku cha rilei kinachofungwa darini juu ya geti.

Tano, kitasa cha umeme wa DC kiwekewe diodi, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu (1N4007 inatosha), sambamba na koili, upande wenye mstari ukiwa kwenye chanya. Bila hiyo, kila koili inapoachia inarudisha msukumo unaokula midomo ya rilei. Cha AC usikiwekee diodi, kitaunguza transfoma.

Hatua ya 5. Aina ya mfumo. Sasa ndio uende dukani.

*Sauti tupu.* Simu ya ukutani na kitufe. Haina kamera, haina adha, vipuri rahisi. Kwa mzee anayetaka kujua tu nani kapiga hodi, hii inatosha na watu wanaidharau bure.

*Analogi ya waya nne, yenye picha.* Umeme, ardhi (hasi ya pamoja), sauti, video. Ndiyo mafundi wengi wa hapa wanaijua. Kila kampuni ina jedwali la unene wa waya na umbali ndani ya kijitabu. Jedwali hilo lisome kabla ya rangi ya boksi.

*Waya mbili.* Umeme na mawasiliano vinapita kwenye jozi moja. Kwa nyumba yetu mara nyingi ndiyo chaguo langu: tundu moja dogo, kebo moja nyembamba ya kuficha, na baadhi hazijali chanya na hasi. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuchanganya kampuni. Skrini ikifa miaka mitano baadaye lazima upate ya mfumo uleule, kwa hivyo nunua ambayo muuzaji wake ana vipuri rafuni.

*Ya mtandao, inayolishwa umeme kwa kebo ya Cat6 (kebo ya mtandao yenye pea nne za nyaya).* Mwisho mita 100 kwa kebo moja. Unapokea simu ya mlangoni ukiwa Unguja Ukuu au Dubai, unaongeza skrini utakavyo. Lakini inategemea swichi (kisanduku kinachogawa mtandao), na swichi ikizimika mlango ni bubu. Kitasa kipewe umeme wake peke yake, usikitegemee kwenye paneli.

Hatua ya 6. Paneli ya nje ikae wapi. Kwenye ubavu wa ukuta ndani ya daka au penye kina cha mlango, si juu ya nakshi wala uso wa ukuta wa mbele. Haipigwi mvua, haionekani kutoka njiani. Ukiiweka ubavuni, tumia kipande cha pembe kinachoigeuza kamera kuelekea mgeni, ama sivyo itakuonesha ukuta wa pili tu. Urefu ni mita 1.45 hadi 1.5 kutoka pale mgeni anaposimama. Kama kuna ngazi baina ya baraza, pima kutoka kwenye ngazi, sio njiani.

Usiku kuna tatizo lake. Taa za infraredi za kamera zinagonga ukuta mweupe wa chokaa ulio karibu na kurudi machoni mwa kamera: unaona ukungu mweupe na kivuli cha mtu. Zima infraredi, weka taa ndogo ya LED ya wati 3 juu ya mgeni. Na kwa vile njia zetu ni nyembamba, hakikisha kamera haitizami ndani ya mlango wa jirani wa mbele. Nyingi za mtandao zina sehemu ya kuziba eneo kwenye picha. Za analogi, igeuze kamera.

Hatua ya 7. Kutoboa. Toboa kwenye kiungo cha chokaa, si kwenye jiwe, drili ikiwa imezimwa nyundo. Nyundo inaangusha plasta vipande vipande kama sahani. Biti ya milimita 12, ndefu kuliko ukuta, tundu lielekee chini kidogo upande wa nje ili mvua isiingie ndani. Ziba kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Saruji usiiguse: inazuia ukuta kupumua na mwaka ujao plasta ya pembeni yake itaanza kumwagika. Boriti zisitobolewe, waya upite pembeni yake kwa vibanio. Plagi fupi za plastiki hazishiki kwenye chokaa. Tumia za milimita 10 kwa 80, na skrubu za chuma cha pua.

Hatua ya 8. Umeme. Betri ya volti 12, saa-ampea 7, na chaja yake. Mfumo unaokula ampea 0.3 ukiwa umetulia utakaa saa 11 hivi ukitumia nusu ya betri. Weka na kizuia msukumo kwenye laini ya ZECO (shirika la umeme). Umeme unaporudi ndipo unapoua vitu. Nyaya za intakomu zikae sentimita 30 mbali na za umeme, na zikikutana zivukane kwa msalaba.

Hatua ya 9. Unganisha kila kitu mezani, kijaribu, ndipo upande ngazi.

---

MASWALI YA WANACHAMA

kijana_darajani: Bei yote shingapi hadi kumaliza?

FundiDaka (mwandishi): Mita ngapi? Ghorofa ngapi? Geti lipo au halipo?

kijana_darajani: Nyumba ya kawaida tu mkubwa, nipe makisio.

FundiDaka: Hatua ya 3. Ukishapima rudi.

bint_kiponda: Shukran sana maalim. Swali langu: nyumba ni ya familia, chini anakaa ami yangu, kati sisi, juu tumewakodisha wageni. Mlango mmoja. Tunataka kila ghorofa iwe na kitufe chake, na wageni wasione wala kusikia anayekuja kwa ami. Waya mbili inaweza?

FundiDaka: Inaweza, na umeuliza vizuri. Tafuta mfumo wa waya mbili wa *nyumba nyingi*, wenye paneli ya vitufe vitatu. Usichanganye na ule wa nyumba moja wenye skrini tatu: huo ukipigwa zinalia zote na kila mtu anaona. Kwenye ule wa nyumba nyingi kila skrini inapewa nambari yake, kwa vijiswichi vidogo vya nyuma au kwenye menyu. Kebo moja inapanda kutoka chini, na kila ghorofa inachukua tawi kwenye kisanduku cha kugawia. Visanduku hivyo viwekeni kwenye ngazi, si ndani ya chumba cha mgeni, ili mpangaji akisafiri na ufunguo msikwame. Skrini ya mwisho kwenye laini mara nyingi inatakiwa kuwashiwa kiswichi cha kumalizia laini. Wakisahau hicho, picha ya juu itakuwa na vivuli na watasema paneli mbovu. La mwisho: muulize muuzaji kama wageni wa juu wanaweza kuiwasha kamera bila kengele kupigwa. Kama wanaweza, sehemu hiyo izimwe kwao.

bint_kiponda: Hilo la mwisho nisingeliwaza. Ami ndilo angeligombea.

seremala_malindi: Nakubaliana na yote ila la sumaku umelionea. Tunafunga sumaku za kilo 280 mahotelini na hazina tatizo. Mlango haugongwi, hautobolewi sana.

FundiDaka: Hoteli ina mlinzi mlangoni usiku kucha na jenereta. Sumaku ya kilo 280 inakula kama nusu ampea muda wote. Ukijumlisha na ampea 0.3 za intakomu, ile betri ya saa-ampea 7 haifiki alfajiri, na baada ya hapo geti liko wazi. Mwenye jenereta na mlinzi afunge.

seremala_malindi: Ungesema hivyo tangu mwanzo.

FundiDaka: Nimeandika "kwa nyumba ya kuishi". Limo.

mzee_wa_baraza: Mwanangu, kwetu kuna nyaya za kengele tangu enzi, zimepita ndani ya ukuta. Yafaa kuzitumia, au ni kujitafutia balaa?

FundiDaka: Shikamoo mzee. Yafaa ukizipima kwanza, na ni vizuri zaidi kuliko kutoboa upya. Mlangoni zisokote pamoja ncha mbili. Nenda juu, weka multimita kwenye omu upime ncha za upande wa pili. Kwa waya wa kipenyo cha 0.5 na njia ya mita 25 usome karibu 4.5. Ukisoma 15, au nambari inacheza mtu akiutikisa waya kule chini, kuna kiungo kimeoza ndani. Halafu ziachanishe ncha za mlangoni upime tena: isomeke kama hakuna kitu kabisa. Ikisoma nambari yoyote, ngozi ya waya imekufa na unyevu unapitisha. Fanya kipimo hiki cha pili masika, ukuta ukiwa umelowa. Kiangazi waya mbovu hujifanya mzima. Zikifaulu zitumie kwa mfumo wa waya mbili, sauti na picha. Kitasa kivutie waya wake mpya.

mzee_wa_baraza: Marahaba. Nitamwambia mjukuu alete hicho kipimio.

naomba_msaada22: Wandugu kuna ya Wi-Fi nimeiona mtandaoni ina nyota tano vipi itafaa Shangani?

FundiDaka: Aya ya tatu.

wete_juu: Sisi huku Pemba hatuna ghorofa tatu, ila nyumba ya babu Wete ina uwanja mrefu, geti la njiani hadi ukumbini ni mita 70. Radi pia hatujambo. Niende na ipi?

FundiDaka: Mita 70 kwa analogi ya waya nne utaanza kupoteza picha usipoweka kebo nene ya video. Ya mtandao inafika bila shida, maana mwisho wake ni mita 100. Lakini chini ya ardhi tumia Cat6 ya nje yenye jeli ndani, ipite kwenye paipu yenye kina cha sentimita 45 au zaidi. Ya ndani itakunywa maji na kufa. Kwa radi weka kizuia msukumo cha kebo ya mtandao ncha zote mbili, kila kimoja na waya wa ardhi mfupi. Bila ardhi ya kweli kile ni pambo. Ukitaka kulala kabisa, vuta fibre na kigeuzi kila upande, kwani fibre haipitishi radi. Ila geti litahitaji umeme wake.

wete_juu: Ardhi tuliyonayo ni nondo moja tu karibu na mita ya Tukuza (ya umeme wa kulipia kabla).

FundiDaka: Mwite fundi aipime kwanza. Udongo wenu ukilowa ni mzuri, lakini nondo ikishika kutu upinzani unapanda kimyakimya.

fundi_mkunazini: Maalim, nimefunga ya waya nne kwa kutumia Cat6, sauti ina mngurumo. Kila pea nimeigawa: moja umeme na sauti, ya pili video na ardhi.

FundiDaka: Umeme na sauti zimesokotana ndani ya pea moja, ndio mngurumo wako. Panga hivi: video pamoja na ardhi kwenye pea moja, sauti pamoja na ardhi kwenye ya pili, pea mbili zilizobaki ziunge mbilimbili, moja chanya yote na moja hasi yote, upinzani unashuka nusu. Ardhi zote zikutane ncha zote mbili. Kisha tizama kama hiyo kebo haijalala juu ya waya wa feni.

fundi_mkunazini: Imelala juu ya waya wa feni 😅 Naihamisha.

bint_kiponda: Na sisimizi je? Kengele ya zamani walijenga ndani.

FundiDaka: Tundu la waya nyuma ya paneli lizibe kwa silikoni isiyonuka siki; ile yenye harufu ya siki inaozesha shaba. Pembe ya chini ya paneli iache wazi kidogo, maji ya jasho la ukuta yapate kutoka. Mjusi naye hupenda joto la paneli. Akilala kwenye terminali anajiunguza yeye na paneli.

seremala_malindi: Niongeze moja. Kabla ya sikukuu watu wanasugua misumari ya shaba ya mlango kwa dawa ya maji, inachuruzika hadi kwenye paneli na kuziba tundu la maikrofoni. Bandikeni utepe wa karatasi juu ya paneli kabla ya kusugua, na wapaka chokaa wafanye vilevile.

FundiDaka: Kweli kabisa. Ikishaziba, usiingize sindano. Brashi laini na spiriti kidogo, umeme ukiwa umezimwa.

kijana_darajani: Nimepima. Mita 31, ghorofa mbili, geti la nondo lipo.

FundiDaka: Sasa tunaongea. Waya mbili, kamera moja, kitasa cha kubandika kwenye geti. Kwa kitasa nunua mita 35 za waya pacha wa 1.5, kwangua kwa kisu hapohapo dukani. Tuma picha ya geti upande wa ndani nikwambie kitasa cha kulia au cha kushoto.